Springi hubeba, shokapu hutuliza: Hesabu ya mwenye gari la biashara Temeke

SAA 12 asubuhi katika soko la Temeke Sterio si ajabu kuona magari mawili ya aina hii yamesimama jirani. Moja ni Suzuki Carry, ile pikapu ndogo ambayo Dar es Salaam nzima inaiita Kirikuu, imelala nyuma kwa matenga ya nyanya mpaka taa za mbele zinatazama paa za nyumba. Jingine ni Toyota ndogo ya kutembelea, imeshushwa makusudi ili ipendeze, tairi zimejificha ndani ya bodi, na mwenyewe anasukumiza viroba viwili vya vitunguu kwenye buti kwa sababu biashara haisubiri mtu apate gari la kufaa.

Yote mawili yataishia gereji. Na wenye magari hayo, mmoja aliyelalamika kwamba gari lake limelala na mwingine aliyelipa ili lilale, watafika wakisema neno lile lile: "Fundi, shokapu zimekufa."

Huenda ni kweli. Lakini kama tatizo ni gari kukaa chini, shokapu mpya hazitalinyanyua, na fedha ya mteja itakuwa imekwenda bure. Kosa hili ndilo linalowagharimu wafanyabiashara wengi wadogo, kuanzia wale wa Tandika na Mbagala hadi wakulima wanaoleta mananasi na mihogo kutoka Mkuranga kwa Barabara ya Kilwa. Linatokana na kuchanganya kazi za vyuma viwili ambavyo hukaa pamoja lakini havifanyi kazi moja.

Nani anabeba, nani anatuliza

Springi, iwe ya koili au ya majani, ndiyo inayobeba uzito wa gari na mzigo wake. Ndiyo inayoamua gari likae juu kiasi gani. Shokapu, au shokomzoba kama wengine wanavyoiita, haibebi. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda baada ya tairi kupita shimo. Ndani yake mna oili inayolazimishwa kupita katika matundu madogo. Mwendo wa kudunda unageuka kuwa joto, na joto hilo linatoka kupitia bodi ya shokapu. Ndiyo maana shokapu iliyotoka kufanya kazi kwenye barabara ya makorongo ukiigusa ni ya moto.

Shokapu za gesi, ambazo wauzaji husifia kwamba "zinanyanyua gari", hunyanyua kidogo tu. Gesi ya naitrojeni iliyomo kazi yake kubwa ni kuizuia oili isitoe povu inapochemka. Oili yenye povu haitulizi kitu, na dereva huanza kuhisi gari linaelea kama mtumbwi.

Kwa hiyo kuna njia rahisi ya kutenganisha maradhi haya mawili. Gari likiwa tupu, kwenye sakafu iliyo sawa, lipimwe kwa futi ya kawaida kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kila kona. Kama upande mmoja uko chini kuliko mwenzake, au nyuma iko chini kuliko kipimo cha gari kama hilo lililo zima, springi imechoka au imevunjika. Kisha kona moja isukumwe chini kwa nguvu na kuachiwa. Bodi inatakiwa ipande na kutulia. Ikiendelea kucheza juu chini mara mbili tatu, au kama shokapu imelowa oili na vumbi limegandamana juu yake, hapo shokapu ndiyo mgonjwa. Dalili nyingine ni tairi kulika kwa mabonde mabonde, ambayo mtu huyasikia akipitisha kiganja juu yake.

Sentimita chache zinavyokula mzigo

Kushusha gari kunaonekana jambo la urembo, lakini ni jambo la hesabu. Kila gari lina nafasi fulani kati ya pale linapokaa na pale springi inapokuwa imebonyea mpaka mwisho, yaani bodi inakalia kile kiraba kilichowekwa ili chuma kisigonge chuma. Nafasi hiyo ndiyo akiba ya gari. Mashimo, matuta na mzigo vyote vinachota humo.

Tuchukue mfano wa gari dogo lenye koili nyuma. Tuseme kila koili inabonyea milimita moja kwa kila kilo tatu, na akiba ni milimita 70. Mwenyewe akipakia nyuma kilo 240, yaani abiria watatu na kiroba kwenye buti, kila upande unapata kilo 120. Gari litashuka milimita 40. Zimebaki 30 za kupambana na mashimo. Si nyingi, lakini zinatosha kwa dereva mwangalifu.

Sasa gari hilo hilo lishushwe milimita 50 bila kubadilisha ugumu wa springi. Akiba imebaki milimita 20. Kilo 120 tu nyuma, ambazo ni watu wazima wawili wasio wanene, zinaimaliza yote. Kuanzia hapo gari halina tena springi, linakaa juu ya kiraba. Kila shimo linapigwa moja kwa moja kwenye bodi, kwenye bushi, kwenye boljointi, na kwenye mgongo wa abiria ambaye kesho atapanda bajaji.

Ndiyo sababu watengenezaji wa springi za kushushia gari huzifanya ziwe ngumu kuliko za kawaida. Hawafanyi hivyo kwa ukatili. Springi inayobonyea milimita moja kwa kilo nne na nusu, gari likiwa limeshushwa milimita 30, itachukua mzigo ule ule wa kilo 240 kwa kushuka milimita 27 hivi, na bado zitabaki 13. Ni akiba ndogo, na safari itakuwa ngumu, lakini chuma hakigongi kiraba kila dakika. Anayetaka gari la chini na pia anataka kubeba mzigo anatakiwa achague ama ashuke kidogo, ama apunguze mzigo. Hakuna fundi anayeweza kumpa vyote.

Hesabu hii imerahisishwa, kwa sababu springi mara nyingi haikai sawasawa na tairi bali hubanwa kupitia mkono wa chuma, na kila gari lina vipimo vyake. Lakini inatosha kumfanya mtu aulize swali sahihi kabla hajatoa fedha.

Grainda na moto wa gesi

Njia ya bei rahisi inajulikana mitaani: springi inatolewa, koili moja au moja na nusu inakatwa kwa grainda, inarudishwa. Saa mbili kazi imekwisha. Wapo wasiojisumbua hata kuitoa, wanaichoma kwa moto wa gesi ikiwa ndani ya gari mpaka inalegea na kujikalia yenyewe.

Hii ya moto haina mjadala. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa joto la kipimo na kupozwa kwa kipimo ili kiwe na tabia ya kurudi kinapobonyezwa. Moto wa gesi unaiondoa tabia hiyo mahali ulipogusa. Springi hiyo itaendelea kulala mwezi hadi mwezi, upande mmoja zaidi ya mwingine, au itakatika. Aliyechomewa springi hajashushiwa gari, ameharibiwa springi.

Kukata kuna hadithi ndefu kidogo. Springi yenye koili sita zinazofanya kazi ikikatwa moja, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Hapo mtu anaweza kusema, si ndiyo tulichotaka? Tatizo ni mambo mawili. Kwanza, ile ncha ya mwisho ya springi nyingi imekunjwa ili ikae vizuri kwenye kiti chake. Ikikatwa, springi inakaa kwenye ncha kali, inakula kiti na kupiga kelele kila usukani unapokatwa. Pili, springi imekuwa fupi kuliko nafasi yake. Gari likipandishwa jeki, au tairi moja ikining'inia kwenye korongo, springi inabaki inacheza, na inaweza kutoka mahali pake. Gari likirudi chini kwa mwendo wa kasi na springi ikiwa imekaa upande, dereva hana la kufanya.

Shokapu nayo ina urefu wake. Ya kawaida ikiwekwa kwenye gari lililoshushwa sana huanza kazi ikiwa imeshaingia ndani nusu ya safari yake, na kwenye shimo pistoni inagonga mwisho. Haidumu. Aidha, springi ngumu inarudi kwa nguvu kubwa zaidi inapoachiwa, na shokapu iliyotengenezwa kwa springi laini haina nguvu ya kuizuia. Gari linaanza kudunda. Hapo ndipo mwenyewe anarudi gereji kusema shokapu zimekufa, na safari hii anasema kweli, ila hajui ni nani aliyeziua.

Kwa anayetaka kweli kushusha gari lake, utaratibu wenye akili ni kununua springi nne zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la aina hiyo na kushuka milimita 25 mpaka 40, pamoja na shokapu fupi zinazoendana nazo. Baada ya hapo ni lazima kupiga alaimenti. Gari likishuka, magari mengi ya mfumo wa kawaida tairi zake huinamia ndani kwa juu, na upande wa ndani wa tairi, ambao mtu haoni akiwa amesimama, unalika mpaka waya. Tuseme jozi ya tairi ni Sh240,000 na kwa kawaida inadumu miezi 18: ni kama Sh13,300 kwa mwezi. Ikiisha kwa miezi sita ni Sh40,000 kwa mwezi. Tofauti hiyo ya karibu Sh27,000 kila mwezi mwenye gari la teksi anaitoa mfukoni bila kuandikiwa risiti ya "kushusha gari".

Yaliyokuja yameshuka tayari

Kuna wanaonunua gari lililoshushwa bila kujua. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini hutoka Japani, na huko kushusha gari ni jambo la kawaida kwa vijana. Sheria yao inataka kati ya sehemu ya chini ya gari na barabara pabaki angalau sentimita tisa. Kwenye lami ya Japani sentimita tisa ni nyingi. Kwenye mitaa ya Temeke, ambako baadhi ya matuta wananchi wameyajenga wenyewe kwa saruji bila kipimo cha mtu yeyote, sampu ya oili ndiyo inayolipa.

Ni kweli lami imeongezeka. Mradi wa kuboresha miundombinu ya Jiji la Dar es Salaam, DMDP, ulioanza mwaka 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umepeleka lami na mifereji kwenye mitaa ya Temeke iliyokuwa haipitiki wakati wa masika. Lakini ukiiacha barabara kubwa na kuelekea ndani Chamazi au Toangoma, mchanga na makorongo bado yapo.

Mnunuzi akiona springi zimepakwa rangi kali ya njano, nyekundu au buluu, au bodi ya shokapu ina nyuzi kama za bolti na ringi za kupandisha na kushusha, ajue gari limebadilishwa. Hizo za nyuzi si mbaya, maana huweza kupandishwa tena kwa spana yake, mradi nyuzi hazijaliwa na kutu ya chumvi. Lakini bei ya kurudisha springi na shokapu za kawaida aiingize kwenye mazungumzo kabla ya kulipa, si baada.

Kirikuu na majani ya ziada

Upande wa pili wa shilingi ni wale wanaopandisha. Pikapu ndogo za Japani za daraja la Carry, zenye injini isiyozidi sisi 660, zimeandikishwa huko kubeba mzigo usiozidi kilo 350. Tuseme tenga moja la nyanya lina kilo 40. Matenga manane ni kilo 320, gari limeshajaa. Kwenye masoko ya Dar es Salaam kupakia mara mbili ya hapo hakumshangazi mtu.

Dawa ya mitaani ni kuongeza majani ya springi. Inafanya kazi, na si vibaya ikifanywa kwa kiasi. Springi ya majani manne yanayolingana ikiongezwa la tano inakuwa ngumu zaidi kwa robo. Ila unene una nguvu kuliko idadi: jani la milimita saba ni gumu kuliko la milimita sita kwa zaidi ya nusu. Kwa koili mambo ni hayo hayo, chuma cha milimita 13 kinaishinda cha milimita 12 kwa zaidi ya theluthi moja hata kama kimo na idadi ya mizunguko ni sawa. Kwa hiyo fundi anayechukua jani la gari kubwa na kulipachika kwenye Kirikuu anaweza kuwa ameondoa springi na kuweka nondo.

Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, gari tupu linaruka ruka, tairi haishiki barabara, na nyanya zinafika zimepondeka hata kama mzigo ni mdogo. Ajabu yake ni kwamba mkulima huona gari "limekuwa imara" kwa kuwa halilali tena. Lakini ekseli, beringi, breki, rimu na chesisi ni vile vile vya kilo 350. Majani ya springi hayaongezi hata kilo moja kwenye breki.

Na kuhusu breki, kuna kifaa ambacho wengi hawakijui. Pikapu kadhaa, Toyota Hilux zikiwamo, zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Gari likilala kwa mzigo, fimbo inaiambia valvu iruhusu breki zaidi nyuma. Gari likiwa tupu na limesimama juu, inapunguza ili tairi za nyuma zisijifunge. Mtu akiongeza majani, au akiweka vipande vya kunyanyua, valvu inadanganywa. Gari limepakia tani, yenyewe inaona tupu, breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Gari likishushwa ni kinyume chake, breki za nyuma zinakamata mapema na mkia unachomoka kwenye utelezi. Fundi akimaliza kazi ya springi anatakiwa airekebishe fimbo hiyo. Anayesema "hiyo tuliifunga zamani" aulizwe kwa nini.

Vipande vya kunyanyua, vya chuma au raba ngumu, vinavyowekwa juu ya koili za magari madogo, vinapandisha gari bila kuongeza nguvu ya kubeba. Gari linaonekana limepona, springi iliyochoka bado imechoka. Vikizidi sentimita mbili na nusu hivi, shokapu inafikia mwisho wa kuvutika kwake kila tairi inaposhuka shimoni, na kwenye magari yanayovuta kwa mbele zile ekseli fupi zinafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko kawaida. Buti za raba zinachanika, mchanga unaingia, na sauti ya "ka-ka-ka" kwenye kona inaanza.

Dukani

Spea nyingi mafundi wa Temeke huzifuata Kariakoo, Gerezani na Ilala. Huko mteja atakutana na mpya, iliyotumika kutoka Japani, na ya kuigiza yenye boksi zuri. Springi iliyotumika inaweza kuwa nunuo zuri kama haina kutu iliyochimba wala mkwaruzo wa grainda. Springi haichoki haraka. Shokapu iliyotumika ni bahati nasibu, kwa kuwa oili na sili zake zina umri ambao macho hayauoni. Iliyolalia rafu kwa muda inaweza kuonekana nzima mkononi na kuvuja wiki ya kwanza.

Namba husaidia kuliko maneno. Kwa Toyota, namba ya koili ya mbele huanza na 48131 na ya nyuma 48231. Shokapu ya mbele kulia huanza na 48510, ya kushoto 48520, na za nyuma 48530 au 48531. Tarakimu tano zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari, na hata gari moja lenye injini tofauti, kwa sababu injini nzito hutaka springi ngumu zaidi. Mteja aende dukani na namba ya chesisi ya gari lake. Muuzaji mwenye katalogi ataipata spea kwa hiyo. Neno "hii inaingia" halitoshi. Nyingi zinaingia.

Zibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto kwa pamoja. Springi mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine hulifanya gari liegemee na livute wakati wa breki. Risiti itunzwe, bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, lakini bila risiti mlalamikaji hana pa kuanzia. Mwenye bima kubwa naye aiarifu kampuni yake kabla ya kubadilisha kimo cha gari, kwa sababu mabadiliko yasiyotajwa ni mlango mzuri wa kukataliwa fidia.

Siku ya kufunga, kuna jambo moja dogo ambalo gereji nyingi hulipita. Bolti za mikono yenye bushi za raba zisikazwe gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Raba hukamatwa ikiwa imejisokota, na gari likishuka chini inabaki inavutwa muda wote mpaka ipasuke. Bolti zishikizwe kwa mkono, gari lishushwe litulie juu ya tairi zake, ndipo zikazwe. Kwa pikapu za majani, yubolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kwa kuwa majani mapya hujipanga na kuacha nafasi. Kisha futi itolewe tena, kona zote nne, na vipimo viandikwe kwenye daftari la gari, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo wake wa kawaida. Miezi sita ijayo fundi na mwenye gari watakuwa na kitu cha kulinganisha.